Lango Linalonusa Njaa

Asubuhi ile mjukuu wangu Nakiete alipopita kwenye Lango la shule, taa iliwaka nyekundu, naye akacheka.

"Bibi, umeona? Nimewaka!"

"Nimeona. Ingia darasani."

"Mwatime hakuwaka. Amefunga kama mimi, lakini yeye hakuwaka."

"Kiete, ingia darasani, kengele hiyo."

Akakimbia, mkono wake mkononi mwa Mwatime, rafiki yake wa dawati moja. Mimi nikageuka nirudi nyumbani. Taa nyekundu haikunishtua. Siku ile zilikuwa zimewaka nyingi.

Ilikuwa Ramadhani, na sisi ni Walutheri. Lakini ukiishi mtaa wa Maghalani huwezi kumkataza mtoto wa Kikristo asifunge. Wenzake wote wanafunga nusu siku, mpaka adhuhuri, kama watoto wanavyozoezwa. Yeye akionekana anatafuna kipande cha muhogo wataanza kumwimbia, "Kobe! Kobe huyo!" mpaka alie. Wakikutana njiani salamu yao ni moja: "Toa ulimi!" Ulimi wa aliyefunga una weupe, wa aliyekula unang'aa wekundu, na hapo hakuna cha kujitetea. Basi watoto wetu nao hufunga, ili watoe ulimi bila aibu, na jioni wakae mkekani kwa jirani wale futari. Mimi mwenyewe nilifunga hivyo nikiwa mdogo, na mama yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Wala mchungaji wala shehe hakuwahi kusema neno.

Lango lenyewe ni nguzo mbili na kizingiti juu yake, basi. Jiji lilikuwa limeziwekea shule zote za umma, kuanzia zile za ufukweni hadi zile za kwenye mashamba ya mkonge. Mtoto akipita, Lango linasikiliza moyo, linatazama macho kama yanaona mbali, linapima hatua kama mguu una shida. Na linanusa pumzi. Mwili uliokosa chakula huanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na pumzi ikatoka na harufu ya ndizi iliyopitiliza kuiva. Pua ya mtu haiisikii vizuri, ya Lango inaisikia. Linakusanya vipimo vya watoto wote, linavipeleka mjini, na huko shule zinapangwa kwa shida zao: hii ipewe uji, hii miwani, hii mwalimu wa kusoma. Chungu ni kimoja. Shule hii ikiongezewa, ile imepunguziwa. Kilichopimwa muhula huu ndicho kinachopakuliwa muhula ujao.

Tulilipenda. Zamani shule za wakubwa zilipata kila kitu kwa simu moja. Lango halina simu wala shemeji.

Na waliolitengeneza hawakuwa wajinga. Walijua kuna Ramadhani. Mtoto aliyeandikishwa Mwislamu, kama Mwatime, njaa yake ya mwezi ule haihesabiwi. Aliyeandikishwa Mkristo, njaa yake ni njaa. Kitu kimoja tu hawakukijua, kwa sababu hakuna aliyefikiri ni kitu cha kumwambia mtu: kwamba Maghalani tunafunga wote.

*

Baada ya Idi shule zikafungua muhula mpya, na uji ukaja.

Ulikuja kwenye kigari kile kisicho na dereva, sufuria mbili zenye mifuniko, na nyuma yake akashuka Mwalimu Chiku, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuita kuku. Yeye aliletwa kuwafundisha wale watoto ambao wamefika darasa la nne na herufi bado zinawakimbia. Shule yetu haikuwahi kupata hata kimoja kati ya hivyo. Wenye njaa ya kweli walikuwepo sikuzote, lakini walikuwa wachache. Lango lina kiwango chake, na shule isiyofika kiwango haipati sufuria.

Wazazi tukapeana zamu ya kugawa. Zamu yangu ya kwanza nilishika upawa, na Mwatime akawa wa mbele kabisa kwenye foleni.

Huyu Mwatime alikuwa akiishi na mama yake ndani ya ghala la zamani la katani, kule ambako bati zimeng'oka. Mama yake alikuwa na kifua, siku akiweza kusimama alimenya mihogo kwa watu, siku asipoweza walilala hivyohivyo. Mtoto alikuwa na shingo kama ya ndege. Akanywa bakuli la kwanza kwa kusimama palepale. Akaniangalia.

"Bibi Kiete, cha chini kinabaki?"

"Kinabaki. Kimbia kapange mwisho wa foleni, utakuta."

"Usimpe yule Saumu, anamwaga."

"Haya, wewe jumbe wa uji, nenda."

Akakuta. Alikomba sufuria kwa kidole mpaka nikaona uso wangu ndani.

Wiki zilipita. Jioni moja watoto hao wawili wakakaa kizingitini kwangu, na Mwatime akaanza kusoma maandishi ya mfuko wa sabuni, polepole, kidole kikitembea. "I-na-to-a ma-do-a." Kiete akapiga makofi. Mwatime akasoma tena, na tena, mpaka nikamwambia madoa yamekwisha kutoka yote, apumzike. Akacheka hadi akakohoa.

Ile sauti ya kucheka ndiyo ninayoisikia mpaka leo nikikaa pale.

*

Afisa alikuja alasiri, amevaa shati la jiji, viatu amevivua mlangoni kabla sijamwambia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu kigoda."

"Naitwa Pendaeli. Natoka elimu ya jiji."

"Pendaeli? Wa Usangi au wa Mwanga?"

"Usangi, bibi."

"Basi uko kwako, nami asili yangu ni hukohuko. Unakunywa chai?"

Alikunywa, na kila alipomeza alitazama ndani ya kikombe, nikajua amebeba kitu kizito. Mwisho akasema.

"Bibi, huyu mtoto Nakiete aliwaka nyekundu mwezi mzima kabla ya muhula huu. Mfululizo. Na mlezi wake ni wewe peke yako."

"Mama yake nilimzika huyu akiwa anatambaa."

"Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu. Sasa, Lango likiona njaa ya mfululizo, na mlezi mwenye umri mkubwa, linampa mtoto nafasi Makao. Kila shule hupata nafasi moja kwa muhula. Limemchagua yeye."

Makao ni kule milimani. Majengo mazuri, vitanda, maziwa, madaktari. Nisiseme uongo, ni pazuri. Mtoto hukaa mpaka amalize shule. Mtaa wa pili alikuwepo binti aliyepelekwa mdogo, akarudi mrefu, anang'aa, akamwamkia mama yake kwa adabu kama anavyoamkiwa mwenye duka. Mama akamkaribisha chai. Wakakaa wanatazamana.

"Nitamwona lini?" nikauliza.

"Kwenye kioo cha simu, kila Jumapili."

"Nitamsuka kwenye kioo?"

Akageuza kikombe mkononi.

"Baba," nikamwambia, "mtoto huyu hana njaa. Alikuwa amefunga."

Akaweka kikombe chini. "Amefunga nini, bibi? Ameandikishwa Mkristo."

Nikaanza kumweleza. Ya kobe, ya ndimi, ya futari kwa jirani. Nilifika katikati ndipo nikaona uso wake, nikanyamaza. Alikuwa amekwisha kuelewa mbali kuliko mimi.

"Watoto wa Kikristo wote walifunga?" akauliza, sauti chini.

Nikamwongezea chai ambayo hakuiomba.

"Bibi, nisikilize. Haya uliyoniambia hapa tumezungumza kama mtu na mwanawe, sijayasikia. Kama unataka mtoto abaki, itabidi uyaseme mbele ya Lango, kwa sauti yako mwenyewe, kesho kabla ya kengele. Lango litasikia kuna funga ambayo halikuijua. Lakini haliwezi kufuta siku za mtoto mmoja. Litarudia hesabu ya mwezi wote, kwa shule nzima. Taa nyekundu zote zile zitazimwa."

"Na uji?"

"Uji ulikuja kwa zile taa."

"Na yule mwalimu?"

"Vilevile. Vitakwenda shule inayofuata kwenye mstari. Nako kuna watoto, bibi."

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, kigari kitamfuata Nakiete kesho. Uji utabaki mpaka mwisho wa muhula." Akasimama, akavaa viatu taratibu. "Ningekuwa na la kukusaidia ningelifanya. Mimi nasoma tu linachosema Lango."

*

Bi Mwanakombo, jirani yangu, ndiye aliyewafuturisha wote wale. Nilimkuta anakaanga samaki. Nikamwambia, naye akakoroga mafuta yale mpaka samaki wa kwanza akaungua.

"Sema amesilimu," akasema. "Wallahi, mwenzangu, sema tu amesilimu. Nitamsimamia mimi. Mbona kanzu za kike ninazo."

"Nilifikiri hilo. Lango halihesabu ya nyuma. Huandikishwa kuanzia siku uliyosema."

"Hata dini inataka tarehe siku hizi." Akageuza samaki. "Sasa?"

"Sijui."

"Unajua. Usingekuja kuniuliza kama ungekuwa hujui."

"Mwatime ameanza kusoma, Mwanakombo. Amejaza shavu kidogo."

"Nimeona."

"Na mimi sitaishi mpaka huyu amalize shule. Nikimpa mkono kesho ndiyo kwaheri. Hakuna nyingine."

Akaondoa kikaango motoni, akakaa chini karibu nami, mikono imejaa unga. Tumezikiana watu wengi mimi na yeye.

"Ni mimi niliyewaita kwenye mkeka," akasema mwisho. "Kila mwaka nawaita. Mtoto akisimama mlangoni jua likizama utamwuliza kaandikishwa nini?"

Nyumbani, Kiete alikuwa amekwisha kusikia. Nyumba zetu ni za mbao, maneno hayana pa kujificha. Alikaa kitandani amekumbatia magoti.

"Bibi, nikienda huko, uji utabaki?"

"Nani kakuambia unakwenda?"

"Utabaki?"

"Utabaki. Muhula huu tu."

Akawaza. Huwa anauma mdomo wa chini akiwaza, kama mama yake.

"Muhula ni mrefu," akasema. "Mwatime atakuwa amefika kwenye vitabu."

"Lala."

"Lakini mimi naogopa kule, Bibi."

Angeacha lile la mwisho, sijui ningefanyaje. Pengine ningemfungia nguo zake. Lakini alilisema, kisha akageukia ukutani, na mabega yake yalikuwa madogo sana.

*

Asubuhi nilimwacha mlangoni kwa Bi Mwanakombo, nikaenda peke yangu. Pendaeli alikuwa amesimama kando ya Lango, na Mwalimu Semkiwa, mwalimu mkuu, yuko karibu naye, hajui kinachokuja. Kigari cha Makao kilikuwa kimesimama chini ya ukuta, mlango wazi. Sufuria za uji zilikuwa zimekwisha fika, zinafuka moshi. Foleni ya watoto ilikuwa inajipanga.

Nikasimama kati ya zile nguzo. Sikujua mtu hutazama wapi akizungumza nalo. Nikatazama juu, kwenye kizingiti.

"Mimi ni bibi yake Nakiete," nikasema. "Watoto wetu wa Kikristo walifunga Ramadhani. Wote. Walifunga na wenzao. Haikuwa njaa."

"Bibi!" akasema Mwalimu Semkiwa. "Bibi, unasema nini?"

Lango halikusema kitu. Taa yake ilizimika, ikakaa gizani kwa muda mtu anaoweza kuvuta pumzi na kuitoa, kisha ikawaka nyeupe. Hilo ndilo lililokuwa jibu. Mlango wa kigari cha Makao ukajifunga, kikaondoka kitupu. Nilitaka kupiga magoti pale vumbini kwa shukrani.

Ndipo kile kigari cha uji nacho kikageuka. Sufuria zilikuwa juu yake, mifuniko bado haijafunuliwa. Kikaanza kwenda, polepole, kama kinavyokwenda sikuzote ili kisimwage.

Watoto hawakuelewa. Walikifuata. Walikimbia pembeni yake wakigonga ubavu kwa mabakuli, wakidhani ni mchezo, wakicheka, "We! Umesahau! Rudi!" Mwatime alikuwa wa mbele. Yeye hakuwa anacheka. Alikimbia na kile kigari mpaka kwenye kona ya barabara ya lami, pale watoto wasiporuhusiwa kuvuka, akasimama pale na bakuli lake, akakitazama hadi kikapotea.

Mwalimu Chiku alitoka darasani na mkoba. Kikuku cha kazi mkononi mwake kilikuwa kinamulika, kikimwita shule nyingine. Aliponipita alisimama.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Nilikuwa nimebakiza kidogo tu na wale," akasema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka.

*

Mtaani hakuna aliyenitukana. Nilingoja, hawakunitukana. Wanawake waliniitikia salamu kama kawaida, na nikishapita wakaendelea na mazungumzo yao kwa sauti ileile. Bi Mwanakombo alinirudishia mtoto wangu mlangoni, amemsuka.

"Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo," akasema. "Lakini leo usije kwangu, mwenzangu. Kesho uje."

Nikaenda kesho yake. Tulizungumza habari za mvua.

Niligawa nilichokuwa nacho. Nilimwita Mwatime ale kwangu, akaja siku chache, kisha akawa haji. Mama yake alikuwa haamki tena kitandani, na mtoto alipata kazi ya kuchambua nyuzi za katani kwa bwana mmoja msokota kamba, tangu asubuhi. Mwalimu Semkiwa alikwenda ghalani mara mbili kumfuata. Mara ya pili watu wa pale walimwambia mtoto amelala, naye aliona miguu yake imejificha nyuma ya gunia. Kule Langoni hapakuwa na taa ya kumwakia. Lango linanusa anayepita, na Mwatime alikuwa hapiti.

Kiete hakuniuliza kitu. Alikwenda shule na kurudi. Nilimpikia kila alichokipenda, magimbi ya nazi, maandazi ya hiliki, nilivyoweza. Alisema asante, Bibi.

Kisha asubuhi moja nikamwekea chai na andazi mezani, nikaenda kufungulia kuku. Niliporudi andazi lilikuwa palepale, na chai imefanya ngozi juu. Yeye ameshavaa sare, anafunga viatu.

"Hujala."

"Nimefunga."

"Umefunga nini? Mwezi umekwisha zamani, mjukuu wangu."

"Najua."

"Mwatime ndiye aliyekuambia?"

"Hapana. Tumepanga na wenzangu. Na Saumu, na wale watoto wa Mama Eliamani, na wengine." Alikaza kamba ya kiatu, akaifunga fundo mbili kama nilivyomfundisha. "Waislamu pia watawaka sasa hivi, kwa sababu siyo Ramadhani. Tutafika kiwango. Uji ukirudi, Mwatime ataacha nyuzi."

"Kiete. Wewe watakuchukua. Unanisikia? Wa kwanza ni wewe."

"Nasikia."

Nilichukua lile andazi. Nilikuwa nimeamua kumshika taya na kumlisha, kama mtoto mgonjwa, na nguvu hizo ninazo bado. Nikamwendea. Alinitazama bila kurudi nyuma.

"Juzi ulikula?" nikauliza. "Jana? Yale maandazi yote?"

Alifumba macho, akatoa ulimi wake nje, wote, kama wanavyofanya njiani.

Ulikuwa mweupe.